Mbuni Mmoja, Kazi Mbalimbali

Msomaji mpendwa, kama una mbuni hata mmoja nyuma ya nyumba, fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Toka nje, uushike ule mti shinani, kisha uutazame polepole kutoka chini hata juu. Mizizi huioni, lakini wajua ipo, myeupe na myembamba, inanyonya maji gizani. Shina ni kavu, lenye gome. Majani ni mabichi, yanang'aa. Kama mvua imenyesha siku kumi hivi zilizopita baada ya kiangazi, huenda ukakuta maua meupe yamefunika matawi, na harufu yake imejaa uani. Kama ni mwezi wa Agosti au Septemba, utakuta matunda, mengine mabichi, mengine mekundu.

Sasa jiulize. Mti huu wote ulitoka katika punje moja. Mizizi na maua ni ndugu wa tumbo moja. Basi ni nani aliyewaambia hawa wawe weupe wenye harufu nzuri, na wale wakae udongoni bila rangi wala harufu? Swali hili laweza kuonekana kama la watoto wa shule. Lakini huku kwetu Makumira, na katika vijiji vyote vya kando ya Mlima Meru ambako kahawa imesomesha watoto wa vizazi vitatu, ni swali lenye fedha ndani yake, kama utakavyoona.

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Jani moja la mbuni lina seli nyingi mno, hazihesabiki kwa macho. Ndani ya kila seli yamo maagizo ya kuujenga na kuuendesha mti mzima, nayo maagizo hayo huitwa jeni. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali walitangaza kwamba wameyasoma maagizo ya kahawa ile ya Bukoba, yaani robusta, wakahesabu jeni zaidi ya 25,000. Mwaka 2024 ikatangazwa kazi kama hiyo, kubwa na kamili kuliko zilizotangulia, juu ya kahawa yetu sisi wa milimani, yaani arabika.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba mzizi una jeni za mzizi peke yake, na jani lina jeni za jani peke yake, kama vile seremala ana randa na mwashi ana mwiko. Sivyo. Mzizi una jeni zote, hata zile za kutengeneza harufu ya ua. Na ua lina jeni zote, hata zile za kunyonya madini ya udongo. Tofauti ni katika zile zinazotumika.

Mimi ni karani wa usharika, na kila Jumamosi jioni kazi yangu mojawapo ni kupanga namba za nyimbo ubaoni. Kitabu cha nyimbo ni kimoja. Anacho bibi kizee wa benchi la mbele, anacho kijana wa kwaya, na kila kitabu kina nyimbo zote, za Krismasi, za Pasaka, za arusi na za maziko. Lakini hakuna asiyejua kwamba penye jeneza haufunguliwi wimbo wa arusi. Kitabu hakikupunguzwa karatasi hata moja. Kilichobadilika ni namba zilizowekwa ubaoni. Ndivyo ilivyo katika mbuni. Seli ya jani inacho kitabu chote, lakini imefungua kurasa zake, na seli ya mzizi imefungua kurasa nyingine. Zilizobaki zimefungwa, wala hazikuchanwa.

Labda utasema, karani, una ushahidi gani kwamba hazikuchanwa? Upo, nao ni wa kupendeza. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamejua kukata kipande kidogo cha jani la mbuni, wakakiweka katika chupa safi yenye chakula na dawa za kukuza mimea, na baada ya miezi kadhaa kile kipande kikatoa vijimelea vidogo kama vya mbegu. Vikatoa mizizi, vikatoa shina, vikapandwa shambani, vikawa mibuni yenye kuchanua na kuzaa. Kama jani lingekuwa limepoteza maagizo ya mizizi, lingeyatoa wapi?

Kurasa hufunguliwaje? Seli inapotaka kutumia jeni fulani, hainyofoi ukurasa. Huandika nakala yake kwanza, na nakala hiyo hupelekwa mahali pa kazi ndani ya seli, na hapo kwa kuifuata hutengenezwa protini. Protini ndizo zifanyazo kazi: nyingine hujenga ukuta, nyingine hupitisha maji, nyingine hubadilisha kitu kimoja kuwa kingine. Jeni inayotumika sana huandikwa nakala nyingi; inayotumika kidogo, nakala chache; iliyofungwa haina nakala. Basi mtaalamu akitaka kujua jani linafanya nini na mzizi unafanya nini, huchukua kidogo cha kila kimoja, hugandisha upesi kwa hewa ya naitrojeni iliyofanywa kuwa maji, yenye baridi kali ajabu, ili kazi yote isimame palepale. Halafu husaga, hutoa zile nakala, na kuzihesabu kwa mashine. Nakala hazidumu, na ndiyo maana huharakisha hivyo.

Na waonapo hesabu hizo, twaambiwa nini? Katika jani, nakala nyingi sana ni za kazi ya kunasa mwanga wa jua na kutengeneza sukari kwa hewa. Katika mzizi kurasa hizo zimefungwa, maana jua liko wapi huko chini. Huko zimefunguliwa zile za kuvuta naitrojeni na chuma na madini mengine. Katika punje inayokua ndani ya tunda, kazi kubwa ni kuweka akiba: sukari, mafuta, protini ya akiba, na ule ukuta mgumu unaofanya buni iwe ngumu kama jiwe dogo. Ile protini ya akiba huhitajiwa na mche mchanga utakapoota, basi katika jani hutaikuta ikitengenezwa. Sisi twaikaanga pamoja na ile sukari, tukapata ladha ya kahawa. Mti haukuwa na habari na vikombe vyetu.

Tuchukue mfano mmoja ambao kila mnywaji wa kahawa anaujua, ingawa hajui jina lake. Kile kitu kinachomwamsha mlinzi wa usiku asisinzie huitwa kafeini. Aliyekitenga kwanza ni Mjerumani Friedlieb Runge, mwaka 1819. Mbuni hukitengeneza kwa hatua kadhaa, na kila hatua ina protini yake, na kila protini ina jeni yake. Sasa, kurasa hizo zimefunguliwa wapi? Katika majani machanga, yale ya ncha, laini, ambayo kila mdudu angependa kuyatafuna. Katika machipukizi ya maua. Katika matunda mabichi. Mizizini karibu hakuna, na katika majani yaliyokomaa kazi hiyo hupungua sana. Waona basi jinsi mti unavyoweka ulinzi palipo na mali laini. Jani gumu la zamani lina ngozi nene, lajilinda lenyewe. Jani changa halina kitu ila uchungu wake.

Hata ndani ya asali ya ua la kahawa kafeini imo, lakini kidogo sana. Mwaka 2013 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba nyuki aliyeonja asali yenye kafeini kidogo huikumbuka harufu ya ua lile kwa siku nzima, kuliko nyuki aliyeonja sukari tupu, na waliokumbuka walikuwa mara tatu zaidi. Kiasi kile kile kingezidi, nyuki angekimbia kwa uchungu. Mimi nikisoma habari kama hizi huweka kitabu chini kwa muda.

Na mwaka 2003 huko Japani walijaribu jambo lingine. Badala ya kuondoa kafeini kiwandani, waliziba zile nakala za jeni ya kafeini ndani ya miche ya robusta, zisifike mahali pa kazi. Majani ya miche hiyo yakapungukiwa kafeini hata asilimia 70. Jeni zenyewe zilikuwamo bado. Nakala ndizo zilizozuiwa njiani, kama barua iliyoandikwa ikakosa kufika posta.

Niseme pia, kwa kifupi, kwamba arabika yetu ina vitabu viwili katika kila seli na siyo kimoja. Zamani sana, wataalamu wakadiria yapata miaka 600,000, mti wa robusta ulichavusha mti mwingine wa jamaa yake uitwao eugenioides, ambao mpaka leo huota mwituni upande wa magharibi wa Tanzania, Uganda, Kenya na mashariki ya Kongo. Mtoto aliyezaliwa akachukua vitabu vyote viwili, cha baba robusta na cha mama eugenioides. Ndiyo maana arabika ina kromosomu 44, hali wazazi wake wana 22 kila mmoja. Baba ana kafeini nyingi, mama ana kidogo, na mtoto yuko katikati. Kwa jeni nyingine nakala ya baba ndiyo inayoandikwa zaidi, kwa nyingine ya mama, na hata mwungano huu waweza kutofautiana kati ya jani na mzizi. Wahaya wa Bukoba, ambao wamekuwa wakimtafunia mgeni kahawa ya robusta tangu kabla ya mmisionari yeyote kufika, wana haki ya kusema kwamba nusu ya kahawa ya Meru ni ya kwao.

Sasa tuje kwenye matawi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri kama umepata kununua miche njiani.

Mbuni una aina mbili za matawi. Lipo shina, na machipukizi yanayotoka shinani yakienda wima juu kama askari. Yapo na matawi ya pembeni, yanayotandaa kama mikono, nayo ndiyo yachanuayo na kuzaa. Mti ni mmoja, damu moja, jeni zile zile. Lakini kila tawi limekwisha kuamua kurasa zake, na likiisha kuamua halibadiliki kwa urahisi. Ukikata kipande cha chipukizi la wima ukakipanda kikashika mizizi, utapata mbuni wa kawaida, wenye shina na matawi. Ukikata kipande cha tawi la pembeni, nacho chaweza kushika mizizi vizuri kabisa, na majani yake yakapendeza machoni. Lakini hakitasimama. Mwaka wa kwanza utadhani kinachelewa. Mwaka wa pili utaweka mti wa kukitegemeza. Mwaka wa tatu utakubali kwamba una kichaka kinachotambaa, kipana kama mkeka, kisicho na shina wala dalili ya kupata shina. Kipo udongoni, kina mizizi yake, hakuna aliye juu yake wa kumwita mama, na bado kinajiona kuwa mkono wa mti mwingine.

Mzee mmoja jirani yetu aliuziwa miche ya namna hii na kijana mwenye baiskeli, ipatayo 30. Alimwagilia kiangazi chote. Nilipopita kwake alikuwa akiikata kwa panga, na sikuwa na la kumwambia ila pole. Basi ukinunua mche uliokuzwa kwa kipande, tazama ncha yake. Kama majani yamepangwa jozi kwa jozi zikipishana kama msalaba, jozi hii ikielekea huku na ya juu yake ikielekea kule, huo ni wa wima. Kama jozi zote zimelala upande mmoja kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa, muulize muuzaji maswali zaidi, au ondoka.

Jambo lingine la matawi haya. Katika kila pingili ya shina, penye jani, kuna jicho moja tu la kutoa tawi la pembeni. Chini yake yamo macho mengine, lakini hayo ni ya machipukizi ya wima. Kwa hiyo anayepogolea kwa hasira na kung'oa tawi la pembeni kwenye shina ajue kwamba pale halitarudi tena tawi la kuzaa. Yatatoka machipukizi ya wima, moja baada ya jingine, wala hakuna mbolea ya kuyabadilisha nia.

Nikuambie sasa lililonifanya niandike habari hizi. Mama mmoja wa vijiji vya juu, huko penye baridi na ukungu, mjane, alinijia ofisini. Mumewe alimwachia mibuni 220 ya aina ya zamani, iliyopandwa na baba mkwe. Akaniambia, "Mwalimu," maana huku wengi huniita hivyo kwa sababu nilisomea ualimu, "mibuni yangu ina majani mazuri kuliko ya jirani zangu wote. Lakini kila mwaka matunda yanapata madoa meusi yangali mabichi, yanakauka, yanaanguka. Mwanangu anasema mti umeoza ndani, tung'oe yote tupande parachichi. Mimi naona majani ni mazima. Mti unawezaje kuwa mzima na mgonjwa?"

Nilimwuliza kama anapiga dawa. Akasema mwanawe hupiga mrututu mara moja, tena vizuri, chini ya majani yote.

Msomaji mpendwa, huyu mama alikuwa ameuliza swali ambalo maprofesa wameliandikia vitabu. Kahawa yetu ina maadui wawili wakubwa, na wote ni ukungu. Wa kwanza ni kutu ya majani. Huyu huingia kupitia vijitundu vya kupumulia vilivyo chini ya jani, na kulifanya liwe na vumbi la rangi ya machungwa, kisha lianguke. Ndiye aliyeimaliza kahawa ya kisiwa cha Ceylon katika karne ya 19, na watu wa kule wakageukia chai. Matunda hayashughulikii. Wa pili ni chulebuni. Alionekana kwanza Kenya mwaka 1922, kisha katika miaka ya 1960 akatusumbua na sisi. Huyu hupenda tunda bichi. Majani huyaacha. Hujificha katika gome la vijiti, hungoja mvua na baridi, kisha matone ya maji humshusha juu ya matunda. Katika mwaka wa mvua nyingi, shamba lisilotunzwa laweza kupoteza hata asilimia 80 ya mazao.

Kwa nini huyu huchagua hapa na yule pale, hali mti ni mmoja? Kwa sababu kwa ukungu mti si mmoja. Ngozi ya tunda changa imejengwa na kurasa nyingine, na ngozi ya jani na kurasa nyingine. Mlango mmoja una komeo hili, mwingine lile, na kila mwizi amejifunza komeo moja. Hata tunda lenyewe halina hali moja maisha yake yote. Hatari kubwa ni kuanzia wiki ya 4 baada ya maua hata wiki ya 14 hivi, wakati tunda linapotanuka. Likiisha kuanza kukaza punje, linakuwa gumu kwa chulebuni. Likikaribia kuiva, mlango hulegea tena. Mti hauna habari mpya. Umegeuza kurasa tu kwa kadiri ya umri wa tunda.

Basi yule kijana alipiga dawa yake vizuri, lakini alikuwa analinda nyumba ambayo mwizi hakuitaka. Dawa ya chulebuni haina budi ifike juu ya matunda, ianze mapema kabla hayajatanuka, na irudiwe muda wote wa hatari. Pamoja na hayo, matunda meusi yaliyokauka yaondolewe mtini, maana ni ghala ya ugonjwa, na mti upogolewe hewa ipite, kivuli cha migomba kipunguzwe pale kilipozidi.

Lakini dawa ni ghali, na kwa mjane mwenye mibuni 220 kupiga mara nyingi kila mwaka si jambo dogo. Ndipo tufike kwenye aina zinazostahimili. Hizi hazikutokea bure. Kuna kahawa iitwayo Rume Sudan, iliyotoka katika uwanda wa Boma, Sudani ya Kusini, na nyingine iliyozaliwa yenyewe katika kisiwa cha Timor pale arabika ilipochanganyika na robusta. Hizi zina jeni ambazo, ukungu unapogusa tunda, huamsha kazi haraka: seli za chini ya kidonda hujenga ukuta kama wa kizibo cha chupa, ukungu ukabaki juu kama kovu, usipenye. Mbuni wa zamani nao hujaribu, lakini huchelewa, na ukungu hauna subira.

Wataalamu wa kuzalisha kahawa walikuwa na shida moja kubwa. Mche wa mbuni huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kutoa matunda ya kutosha. Ukitaka kujua kama unastahimili chulebuni, ungoje miaka mitatu, na kwa maelfu ya miche? Nchini Kenya katika miaka ya 1970 ikapatikana njia fupi. Waligundua kwamba kile kishina chembamba cha mche mchanga sana, kilicho chini ya majani mawili ya mbegu, hufungua kurasa za ulinzi karibu sawa na tunda bichi. Basi miche ingali midogo kama njiti za kiberiti hunyunyiziwa ukungu. Ile inayooza shingo hutupwa. Inayojenga kizibo hubakishwa. Jani lisingewasaidia kwa jambo hili, kwa maana jani la mti mzima na jani la mti dhaifu yote hubaki salama. Ilibidi wapate kiungo kinachosema sawa na tunda, nao wakakipata katika shingo ya mtoto. Kwa njia hiyo Kenya ilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na baadaye Batian. Kwetu kituo cha Lyamungo, upande wa Kilimanjaro, kilichoanza mwaka 1934 na ambacho tangu 2001 ni makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, kimetoa aina kadhaa zinazostahimili chulebuni pamoja na kutu ya majani. Aina za zamani za hapo hapo, kama N39 na KP423, ni tamu sana kikombeni, lakini kwa chulebuni hazina nguvu.

Nikamwambia yule mama, mti wako hauna uozo ndani. Mizizi yake ni mizima, shina ni zima, na mizizi ya mbuni mzee imekwenda mbali kutafuta maji kuliko mche wowote utakaoununua. Kinachokosekana ni tunda la aina nyingine. Na tunda laweza kubadilishwa bila kung'oa mti, kwa kubebesha. Tunda hufuata jeni za tawi lililolizaa, halifuati za mzizi. Mzizi hupandisha maji na madini. Hauamuru ngozi ya tunda iweje.

Akarudi wiki iliyofuata pamoja na mwanawe, kijana mwenye akili lakini mwepesi wa kukata tamaa. Tulizungumza kwa muda mrefu. Hakukubali yote. Walipatana kwamba mibuni 40 ya chini ikatwe na kubebeshwa kwanza, 180 ibaki ikipigwa dawa juu ya matunda, na shauri la parachichi lingoje.

Kwa wengine mnaotaka kujaribu, kazi yenyewe ni hii. Mti mzee hukatwa na kubaki kisiki kisichofika gotini hata kiunoni, mkato ukielekezwa kando ili maji yasituame. Machipukizi yatatoka mengi. Acha mawili au matatu yenye nguvu. Yakifika unene wa penseli, kata ncha, pasua katikati, uchomeke kikonyo cha aina inayostahimili kilichochongwa kama kabari, gome likutane na gome, ufunge kwa nailoni na kukifunika kisinyauke. Kikonyo lazima kitoke katika chipukizi la wima. Ukichomeka kikonyo cha tawi la pembeni, kitashika, nawe utakuwa na kile kichaka cha jirani yangu, safari hii juu ya kisiki.

Baada ya hapo kazi ni kungoja na kulinda. Kila chipukizi litokalo chini ya mahali pa kubebesha liondolewe upesi, maana hilo ni la mti wa zamani, na ukiliacha litakua kuliko kikonyo, litachanua, na tunda lake litapata madoa yale yale meusi. Wengine husahau jambo hili mwaka wa pili, wakasema aina mpya imewadanganya.

Wala usiokote mbegu chini ya mti uliobebeshwa ukazipanda ukitumaini kupata mti kama ule. Aina nyingi za hizi mpya ni machotara. Watoto wao hutofautiana, huyu ana ulinzi, yule hana, nawe hutawatambua kwa majani. Ndiyo maana hukuzwa kwa vipande vya wima kutoka bustani mama, ambazo vikundi vya wakulima vinazo katika baadhi ya vijiji. Nenda ukaulize kwa bwana shamba wa kata yako kabla ya mvua, maana miche huisha mapema, na ukifika uitazame ncha.